Mahali Wanapokula Kindi

Septemba 3

Kaka yangu Urpo amekubali, ila kwa masharti yake. Nayaandika mapema asije akayageuza baadaye, maana namjua.

Ardhi ikishaganda, Jarkko, kijana wa jirani, ataleta mashine yake ya kukata miti. Itaingia kwenye mikuusi mikubwa nyuma ya ghala, miti ya aina ileile ambayo watu huipamba sebuleni wakati wa Krismasi, ila hii yetu inakaribia kuupita mnara wa kanisa kwa urefu. Msitu ulikuwa wa baba, na tangu afe hatujaugawana. Bila sahihi ya kaka na yangu haikatwi hata fimbo.

Nilimwambia sitatia sahihi ya kuwafukuza kindi. Tangu mama afariki majira ya kuchipua tumebaki wawili, Urpo si msemaji, na nyumba hii haina anayezungumza ila redio, na kindi wa dirisha la jikoni ndio wageni wangu wa kila siku. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za sauna, mvuke ukitutoka mabegani. Urpo alijifuta jasho usoni kwa kiganja.

"Basi nionyeshe wanapokula," akasema. "Miti wanayokula tutaiacha. Isiyoliwa inakwenda. Umeridhika?"

Nikamwuliza kwa nini lazima iwe mwaka huu. Akasema ni kwa sababu amesema. Amekata miti maisha yake yote mpaka magoti yakamwishia, na hoja zake siku zote ni za namna hiyo.

Septemba 5

Kazi yenyewe ni rahisi, ila mgongo haupendi. Kindi anakula koni, lile tunda gumu la magamba la mkuusi, kama mtu anavyokula hindi. Anaing'oa magamba moja moja, anatoa mbegu, halafu anatupa gunzi chini. Kwa hiyo sihitaji kumwona kindi mwenyewe. Naokota magunzi chini ya miti, na kila penye magunzi naweka alama kwenye ramani. Nimechora ramani za misitu ya watu wengine ofisini mjini Kuopio mpaka nikastaafu. Hii ndiyo ya kwanza kuichora nikiwa nimepiga magoti.

Septemba 9

Mvua.

Septemba 14

Nimejifunza kutofautisha. Koni iliyochanwachanwa na kubanwa kwenye ufa wa gome ni kazi ya kigogota, ambaye ni mlaji mchafu. Gunzi la kindi ni safi, lina kishungi kidogo cha magamba mwishoni, pale alipokuwa ameshika.

Urpo sasa ananiita Mama Kindi. Leo aliniuliza mbele ya Sylvi, jirani yetu na mama yake Jarkko, kama nitaanza na mimi kujijengea kiota. Sylvi akamjibu kwamba kama ni kiota, afadhali cha juu ya mti kuliko hiki chenye dume linalokoroma. Urpo alicheka mpaka akashika tumbo, akalishika hivyo kwa muda.

Septemba 20

Kindi wameanza kuanika uyoga kwenye matawi. Nimeona mmoja ukining'inia kwenye mkuusi mdogo kama soksi kwenye kamba. Urpo kaacha nusu ya viazi vyake. Anasema nimetia chumvi nyingi.

Oktoba 1

Sasa mambo yanaanza kueleweka, na sipendi yanavyoeleweka.

Mikuusi mikubwa mwaka huu haina koni. Mwaka jana ilizaa mpaka matawi yakainama, na mti ukishazaa hivyo hupumzika. Kwa hiyo chini yake magunzi ni ya zamani, meusi, yamekwisha kuoza. Kindi wanalala humo, viota vyao nimeviona, lakini chakula chao msimu huu kiko kilimani, kwenye misonobari.

Sasa kilima chenyewe. Urpo aliipunguza ile misonobari miaka kadhaa iliyopita, akaacha mmoja hapa, mwingine kule, vilele havigusani, jua linafika chini. Ni msitu nadhifu, watu walikuja kuupiga picha. Koni zimejaa pale. Nimetembea katikati yake asubuhi nzima na sikuona gunzi hata moja. Koni nzima nzima zimelala chini, mbegu zingali ndani, hakuna aliyezigusa.

Magunzi mapya yote yako ukingoni tu, pale msitu wa kilimani unapokutana na ukanda wa kijito. Ukanda ni ule mstari mwembamba wa mikuusi ya kila kimo, mirefu kwa mifupi, iliyoshonana kutoka ghalani mpaka kilimani. Urpo anauita kichaka.

Oktoba 7

Mvua tena. Manyoya ya kindi wa dirishani yameanza kuwa ya kijivu mgongoni. Masikio bado mekundu.

Oktoba 14

Leo msimu wa kuwinda hirvi, wale paa wa huku wakubwa kama farasi, umefunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu awe kijana Urpo hakwenda. Wenzake walimpitia na gari. Aliwaambia magoti. Halafu akakaa dirishani akisikiliza milio ya bunduki ng'ambo ya ziwa, na kila mlio alitaja jina la mpigaji. Nilimpikia nyama ya mwaka jana. Hakuimaliza.

Oktoba 17

Nimeona kwa macho.

Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki ukingoni mwa kilima. Kindi mmoja alitoka kwenye ukanda, akaruka kutoka mkuusi hadi msonobari wa kwanza, akachuma koni, akaila palepale, magamba yakinyesha juu ya majani. Akaenda wa pili, ambao matawi yake yanaufikia wa kwanza. Akala na hapo. Msonobari wa tatu hauguswi na kitu. Una koni nyingi kuliko hiyo miwili. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akashuka chini na kukimbia.

Kipanga alitoka nyuma yangu, chinichini, bila sauti. Sikumwona mpaka amekwisha kupita. Kindi hakufika nusu ya njia.

Nilikaa pale mpaka kahawa ya chupa ikapoa. Sikulia, kipanga naye anakula. Lakini sasa najua kwa nini katikati ya kilima koni zinaoza na mbegu zake. Chakula kiko mezani, ila kiti kiko uwanjani, na mwenye bunduki yuko juu.

Oktoba 18

Nilimtandazia Urpo ramani mezani baada ya chakula cha jioni. Nikamweleza yote: wanalala kwenye mikuusi mikubwa, wanakula ukingoni mwa kilima, na barabara yao ni ukanda wa kijito, kwa sababu huko vilele vimeshikana na kipanga hapenyi. Ukikata ukanda, nikamwambia, misonobari yote ya kilimani inakuwa picha ya ukutani.

Alivaa miwani, akafuata alama zangu kwa kidole. Ni lazima niseme kwamba aliangalia kwa makini.

"Hapa kwenye kichaka hakuna alama."

"Hapo wanapita tu."

"Kwa hiyo hawali hapo."

"Urpo, ni njia."

"Tulikubaliana nini, mdogo wangu? Wanapokula. Hukusema wanapopita." Akavua miwani. "Ukingo wa kilima utaubakiza, na upande wa viota nao nakupa bure. Kichaka kinakwenda. Jarkko hana njia nyingine kavu ya kupitisha mashine."

Nilimwambia ana roho ya karani wa forodha. Akasema mimi ndiye niliyetaka kila kitu kiandikwe. Hilo ni kweli, na ndilo lililoniudhi zaidi.

Oktoba 19

Hatusemeshani. Mvua.

Oktoba 20

Hatusemeshani. Aliacha sahani nzima. Nikadhani ni kiburi, nikampa mbwa wa Sylvi.

Oktoba 25

Jarkko amekuja kuangalia njia. Ni kijana wa watu, anaendesha mashine kubwa kuliko nyumba yake na anaogopa buibui. Nilimwuliza kama hawezi kuzunguka kwa upande wa bwawa la matope. Alisema anaweza, ila baridi iwe ya kweli, ya kugandisha matope mpaka chini, la sivyo mashine itazama na yeye ndani. Kupitia kwenye ukanda baridi kidogo inatosha.

"Basi subirini baridi ya kweli," nikasema.

Urpo akamtazama Jarkko badala ya kunitazama mimi. "Hatusubiri. Baridi ya kwanza, unaingia. Nataka hii kazi iishe msimu huu. Siyo mwakani."

Jarkko akaangalia viatu vyake na kusema haya, mzee.

Novemba 4

Leo ni Jumamosi ya Watakatifu Wote. Tulikwenda makaburini na mishumaa, sisi na kijiji kizima, na ilikuwa mvua nyembamba kiasi kwamba ndimi za moto zilikuwa zinapiga chafya. Hatukugombana njia nzima. Tumeanza kuzungumza, ila mambo ya mishumaa na petroli tu.

Tulisimama kwenye mti wa mama. Uko kando ya barabara ya kanisani, msonobari. Siku ya maziko Urpo aliukata matawi yote ya chini na kuchonga herufi za mama na miaka yake, kama alivyowafanyia baba na babu. Watu wa huku hawafanyi hivyo tena, wengi wao, lakini hakuna atakayeugusa mti wa namna hiyo. Hata kampuni ya umeme ilipinda waya kwa ajili ya mti wa babu. Marehemu akitaka kurudi nyumbani, hufika hapo, huona herufi zake, hukumbuka kwamba amekufa, akarudi kulala. Mama alikuwa na ubishi, lakini hadi sasa hajarudi.

Urpo aliusafisha ukungu kwenye herufi kwa kidole gumba. Alikaa pale mpaka nikaona baridi, nikamwambia twende, kaka. Akasema mti mzuri, kilele chake kiko palepale, ukikata ya chini tu mti haujui.

Novemba 13

Urpo kaenda Kuopio kwa basi. Meno.

Novemba 15

Sylvi kaniletea mkate wa samaki, ungali moto. Alikunywa kahawa, akazungusha kikombe, halafu akasema alimwona Urpo juzi kwenye hospitali kubwa, yeye alikuwa amempeleka mama mkwe wake. Nikamwambia ni meno.

"Shoga yangu," akasema, "meno hayatibiwi ghorofa ile."

Nilimwuliza Urpo jioni. Alisema Sylvi anahitaji miwani, na kwamba huo mkate wake umekosa chumvi. Hakuwa ameuonja. Nimeona hakuuonja, na bado nikaondoa vyombo. Anapojifunga mlango hivyo, kumgongea ni kuumiza mkono bure. Ndivyo nilivyojiambia.

Novemba 20

Mvua na theluji pamoja. Jarkko kapiga simu: bado. Nimefurahi siku moja zaidi.

Novemba 27

Usiku umeingia baridi. Ndoo ya kisimani ina kioo juu. Kila asubuhi kindi wanapita kwenye ukanda kwenda kilimani, mmoja nyuma ya mwingine, na hawajui kitu.

Novemba 29

Jarkko anakuja kesho.

Nilishinda kwa Sylvi tukioka, kwa sababu sikutaka kukaa dirishani kuutazama ukanda. Niliporudi, Urpo alikuwa mezani na koti lake, mikono imejaa utomvu mpaka viwikoni, kitambaa changu cha meza kimeharibika. Uso wake ulikuwa na rangi ya mshumaa. Nilimgombeza kwa ajili ya kitambaa. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema alikwenda kukagua njia ya mashine. Akalala kabla ya taarifa ya habari.

Novemba 30

Jarkko aliiacha mashine ikinguruma kwenye barabara ya kilimani, akaja kwa miguu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hajawahi kuivua humu ndani hata wakati wa kula.

"Mama Helka," akasema, "njoo uone. Mimi pale sipiti."

Urpo alikuwa bado amelala. Nilivaa buti za mama na kumfuata.

Mahali ukanda unapobanana zaidi, kando ya kijito, upo mkuusi mmoja mnene kuliko wenzake. Matawi yake ya chini yote yalikuwa yamekatwa, mpaka pale ngazi inapofika. Yalikuwa yamelazwa kando, vichwa upande mmoja, kama kaka yangu anavyopanga matawi siku zote. Ngazi yenyewe ilikuwa bado imeegemea. Gome lilikuwa limebanduliwa usawa wa macho, na juu ya mti mweupe zilikuwa herufi: U.T. Chini yake mwaka aliozaliwa Urpo Tirkkonen, kisha kistari. Baada ya kistari hapakuwa na kitu.

"Kafa lini?" Jarkko aliuliza, sauti ya chini.

"Hajafa. Yuko nyumbani amelala."

Nilijisikia nikisema hivyo kwa sauti ya kusoma ramani. Halafu nikaangalia ule upana mtupu baada ya kistari. Aliupima vizuri. Zinaingia tarakimu nne.

Msimu mzima nimepiga magoti chini ya miti nikitafuta nani kala nini na wapi, na sahani ya kaka yangu nikawa naimwaga kila siku kwenye bakuli la mbwa wa jirani. Hasira ndiyo iliyokuja kwanza. Woga ulinikuta njiani kurudi nyumbani.

Alikuwa ameamka, amewasha jiko. Nilikaa mbele yake bila kuvua koti.

"Ule mti hufanyiwa marehemu, kaka."

"Ningekuachia wewe, ungechonga herufi zimepinda."

"Ni nini?"

"Saratani ya kongosho. Najua tangu Agosti. Daktari anasema majani mapya huenda nisiyaone."

"Na hukuniambia."

"Ungewaacha kindi ukaanza kuniokotea mimi magunzi." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nilitaka nikuachie msitu ambao kazi yake imekwisha. Jarkko ni mtu mwema. Wengine wenye mashine wangekuzungusha wewe na ramani zako."

"Na ukanda? Si ulisema unakwenda?"

"Nilisema. Pale hawali, na makubaliano ni makubaliano. Ningerudi nyuma, ungenicheka mpaka kaburini." Akasukuma kuni ndani ya jiko. "Lakini mti wa marehemu haukatwi. Hilo siyo mimi niliyelisema."

Nililia hapo. Yeye alitazama dirishani mpaka nikamaliza, halafu akaniambia nikampe kahawa yule kijana, anaganda nje.

Desemba 3

Baridi ya kweli. Jarkko kazunguka kwa upande wa bwawa, matope yakambeba. Kakata nusu ya mikuusi mikubwa, ile ya mbali isiyo na viota. Nilitia sahihi. Urpo alisimamia kutoka kwenye gari, amefungwa mablanketi mawili, akitoa amri ambazo Jarkko hawezi kuzisikia.

Amekula supu, bakuli dogo, mkate hapana. Naandika sasa. Alikisia kwamba ningefanya hivyo, na ananikasirikia kidogo.

Desemba 6

Sikukuu ya Uhuru. Tumeweka mishumaa miwili dirishani kama kila nyumba.

Mchana nilikwenda kwenye ukanda kumrudishia Urpo ngazi yake. Theluji ilikuwa mpya, imesafika. Chini ya mti wa Urpo palikuwa na magamba yaliyotawanyika, na juu yake gunzi moja la koni ya msonobari, limetafunwa siku hiyohiyo. Misonobari iko kilimani. Kindi aliibeba koni mdomoni mpaka huku, akapanda juu ambako matawi bado yamefungamana, akakaa akala kwa raha.

Nilimletea. Nililiweka kando ya sahani yake.

Alivaa miwani, akaligeuza vidoleni, akakagua kishungi cha mwishoni ahakikishe si kazi ya kigogota.

"Pale kichakani?"

"Chini ya mti wako."

"Kwa hiyo wanakula pale."

"Wanakula."

"Ungesema tangu Oktoba, nisingepanda ngazi." Aliliweka gunzi mezani, polepole, mbele yake. "Huyu kamaliza chote."

Halafu akaivuta sahani, akashika uma. Alikula kiazi kizima na samaki kidogo, na mimi nilikaa nikimtazama mpaka alipomaliza.